Maganda ya Maembe Yaliyoshukia Kabati

Muthoki binti Syokau alizaliwa Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, ambako mtu akikujulia hali huanza na mbuzi wako ndipo akufikie wewe. Tangu utotoni alikuwa na shida moja isiyo na dawa, nayo ni kicheko. Kilimjia mahali pasipofaa na wakati usiofaa. Aliwahi kutolewa kanisani kwa sababu mhubiri alisema Yona alikaa tumboni mwa samaki, naye Muthoki akaanza kuwaza Yona alikalia nini humo ndani. Mama yake, Syokau, alimfuata nje akiwa na nia ya kumchapa. Muthoki alipomweleza kilichomchekesha, mama naye akaegemea ukuta wa kanisa, na wote wawili wakakosa sehemu iliyobaki ya ibada.

Alipomaliza shule alishuka hadi Kabati, akaajiriwa katika duka la kupiga chapa na fotokopi. Kazi kubwa ilikuwa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Muthoki hakuona kwa nini achape maneno yale yale kila wiki huku yanayobadilika ni majina tu. Wateja walipopungua, alikuwa akisoma kwenye mtandao jinsi programu zinavyoandikwa, akijaribu, akikosea, akijicheka, akijaribu tena. Haukupita muda mrefu akawa na programu ndogo iliyokuwa ikimwuliza majina ya bwana na bibi harusi, kisha inatoa kadi nzima. Mwenye duka alidhani amepata mfanyakazi mwenye bidii kupita wote waliowahi kufanya kazi hapo. Muthoki mwenyewe alijua kuwa ni uvivu tu, ila ni uvivu uliokwenda shule.

Basi Muungano wa Mwethya ulipotafuta mtu wa kompyuta, jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Mwethya kwa Wakamba ni ile desturi ya watu kukusanyika wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na muungano huu ulifanya hivyo hivyo kwa vyama vitatu vya ushirika: wafugaji wa mbuzi wa Tseikuru, wakulima wa maembe wa Mukuyuni kule Makueni, na warina asali wa Kabati. Pale Mukuyuni palikuwa na kiwanda kidogo cha kukausha maembe, na msimu ukifika maganda yalirundikana hadi inzi wakaita jamaa zao. Huko Tseikuru, miezi ile ile, mbuzi walikuwa wakilamba mawe. Mwenyekiti, Mzee Munyao, ndiye aliyewaza kwamba maganda yapande kwenda kwa mbuzi na samadi ishuke kwenda kwa miembe. Wazo lilikuwa jema kiasi kwamba kila mtu alijiuliza kwa nini si yeye aliyeliwaza.

Programu ya kupokea na kupeleka oda hizo iliandikwa na watu wawili. Muthoki alikaa ofisini Kabati. Mwenzake, Ng'ang'a, alikaa Mukuyuni. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka la vyuma Emali, kwenye barabara ya Mombasa, hivyo alizungumza Kikamba kama mtu wa hapo na Kikikuyu kama mgeni. Alikuwa mrefu, mpole, na mtu wa kumaliza anachokianza. Kwenye simu alikuwa akimngoja Muthoki amalize kucheka kabla ya kuendelea na maneno yake, na kwa hilo Muthoki alimpenda sana, ingawa hakuwa amemwambia mtu.

Sasa, ili ieleweke kilichotokea, ni lazima ijulikane programu yao ilivyoundwa. Kila chama kilikuwa na faili lake la maelezo. Faili la mbuzi lilieleza mbuzi ni kitu gani na oda ya maganda ina nini ndani yake. La maembe lilieleza mambo ya maembe, na la asali ya asali. Halafu palikuwa na faili la pamoja, lenye vitu vilivyotumiwa na vyama vyote, hasa mwanachama: ana jina, ana simu, ana mahali anapokaa. Mafaili ya vyama hayakurudia maelezo hayo. Yalisema tu kwamba mwanachama ni yule yule aliyeelezwa kwenye faili la pamoja.

Kutoka hapo hawakuandika msimbo wote, yale maagizo ya kompyuta, kwa mkono. Walikuwa na chombo ambacho ukikipa faili la maelezo kinakuandikia msimbo chenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, wakati wewe unakoroga chai. Ng'ang'a alikibatiza Posho, kwa sababu kazi yake ilikuwa sawa na ya kinu cha sokoni: mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini.

Posho ilikuwa na tabia moja. Ikipewa faili la mbuzi na kuona limetaja faili la pamoja, ililifuata huko na kulisaga nalo. Ikipewa la maembe, ililisaga faili la pamoja upya, kana kwamba haijawahi kuliona. Vivyo hivyo kwa asali. Hivyo mwanachama akazaliwa mara tatu. Wanachama hao watatu walifanana herufi kwa herufi, lakini kwa kompyuta hawakujuana hata kidogo. Ukimchukua mwanachama wa mbuzi ukampeleka panapotakiwa mwanachama wa maembe, kompyuta ilikuwa ikimkataa kama askari wa lango anayekataa kitambulisho halali kwa sababu kimetolewa ofisi nyingine.

Ng'ang'a hakushindwa. Aliandika kwa mkono sehemu ndogo ndogo alizoziita wakalimani. Mkalimani alimpokea mwanachama wa mbuzi, akachukua jina lake akalitia kwa mwanachama wa maembe, akachukua simu akaitia, akachukua mahali akapaweka huko. Kulikuwa na mkalimani wa kutoka mbuzi kwenda maembe, wa kutoka maembe kwenda mbuzi, wa asali kwenda kote na wa kote kwenda asali. Kazi ilienda. Muthoki alikuwa akiwatazama wakalimani wale mara kwa mara akihisi kuwa kuna kitu hakijakaa sawa, lakini msimu wa maembe ulikuwa mlangoni na maganda hayamngoji mtu.

Shida ilianzia kwa Mzee Munyao, naye alikuwa na nia njema. Alipita ofisini na kusema kwamba huko Tseikuru madereva wanapotea. Mtu anaandika mahali pake ni Tseikuru, na Tseikuru haina mwisho. Aliomba kila mwanachama awe na kituo cha kupokelea mzigo: shuleni, kisimani, kanisani, popote lori linapoweza kugeuza. Muthoki aliona ni ombi la busara. Akaongeza kituo kwenye faili la pamoja, akaendesha Posho kwa mbuzi na kwa asali, akampigia Ng'ang'a naye akaiendesha kwa maembe. Wanachama wote watatu wakapata kituo. Waliosahauliwa ni wakalimani. Hakuna aliyewaambia kwamba sasa kuna mzigo mmoja zaidi wa kuvusha, nao wakaendelea na jina, simu na mahali kama walivyofundishwa.

Kwa hiyo Syokau, mama yake Muthoki, alipotuma oda ya maganda kwa niaba ya kikundi chake cha akina mama na kuandika kituo chao ni kisima cha kanisa, kituo hicho kiliishia njiani. Kilipofika upande wa maembe kilikuwa kitupu. Na programu, ikikuta kituo kitupu, iliagizwa iandike ofisi kuu. Ofisi kuu ilikuwa Kabati, chumba kimoja chenye mlango wa kijani, ukingoni mwa uwanja wa soko.

Siku lori lilipofika ilikuwa siku ya soko. Muthoki alikuwa ndani akinywa chai aliposikia mlio wa gari likirudi nyuma, kisha akaona mlango wote umejaa rangi ya chungwa ya lori. Dereva, Kivuva, alikuwa mtu wa kanuni. Simu yake, iliyopokea maagizo kutoka kwa programu ya Muthoki, ilisema ashushe ofisini, naye hakuwa mtu wa kubishana na simu. Muthoki alipotokea dirishani kumwuliza anafanya nini, Kivuva alikuwa ameshafungua ubao wa nyuma, na maganda ya maembe ya kiwanda kizima yanateremka mbele ya ofisi kwa sauti ya kitu laini kikianguka juu ya kitu laini.

"Kivuva, hii mzigo ni ya Tseikuru," Muthoki alimwambia.

"Simu imesema Kabati."

"Simu imekosea."

Kivuva alimtazama kwa huruma. "Injinia, simu ni yako."

Ndipo mbuzi wa kwanza alipofika. Upande wa pili wa uwanja ndiko mbuzi walikokuwa wakiuzwa, wamefungwa kamba, wamesimama juani tangu asubuhi, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao. Mbuzi wa kwanza alikuja na kamba yake. Wa pili alikuja na kamba pamoja na kigingi. Kisha likaja kundi zima na wenye mbuzi nyuma yake, na nyuma ya wenye mbuzi wakaja wanunuzi waliokuwa wameshakubaliana bei na sasa hawakujua mbuzi wao ni yupi. Beberu mmoja mweupe alipanda juu kabisa ya lundo akasimama huko akitafuna, akiitazama Kabati yote kama diwani aliyeshinda uchaguzi.

Muthoki alijua kwamba hapo hapafai kucheka. Aliuma midomo. Akamfikiria mama yake akingoja kando ya kisima. Akafikiria mbuzi wa Tseikuru na mbavu zao. Ilimsaidia kidogo. Lakini ndipo lori la pili lilipoingia, lile la samadi kutoka Tseikuru, lililopaswa kupita moja kwa moja hadi kwenye miembe ya Mukuyuni. Nalo lilikuwa na simu yake, na simu yake nayo, kwa kosa lile lile la wakalimani, ilisema ofisini Kabati. Mzee Munyao alikuwa ametokea wakati huo, amevaa koti la mkutano, akanyosha mkono kulisimamisha lori, na dereva akadhani anaelekezwa mahali pa kumwaga.

Hapo Muthoki aliketi kwenye ngazi ya ofisi akacheka hadi akakosa pumzi. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Mzee Munyao alimwendea akiwa amekunja uso, samadi kwenye viatu, akafungua kinywa kumkemea. Lakini kabla ya kukemea aligeuka. Alitazama lundo moja, akatazama la pili, akamtazama yule beberu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu waliokuwa sokoni siku hiyo walisimulia baadaye kwamba hawajawahi kumwona mwenyekiti akifuta machozi kwa tai.

Kabla ya jioni mbuzi walikuwa wamerudishwa kwa wenyewe, na nusu ya maganda ilikuwa imeokolewa. Watu wa soko walisaidia kuyajaza kwenye magunia, Muthoki akayafunika kwa turubai nyuma ya ofisi. Kuyapeleka Tseikuru siku hiyo haikuwezekana, maana Kivuva alikuwa ameahidi kubeba simiti kwenda mji wa Wote. Muthoki alimpigia mama yake simu, akamweleza yote bila kuficha.

"Kwa hivyo mbuzi wa Kabati wamekula chakula ya mbuzi wangu," Syokau alisema.

"Wamekula nusu, Mwaitu," Muthoki alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na wamenenepa?"

"Walikuwa wamenenepa hata mbeleni."

Syokau akasema kwamba Mungu ana njia zake, lakini zingine zinapitia mbali sana.

Ng'ang'a alifika asubuhi iliyofuata, amepanda gari la mapema kutoka Mukuyuni, na suluhisho lake lilikuwa tayari. Alisema ni mstari mmoja tu. Wataongeza mstari mmoja kwa kila mkalimani, kituo kitavuka, na kila mtu atarudi kwenye chai yake. Muthoki alitikisa kichwa. Alikuwa ameamka alfajiri akasoma maelekezo ya Posho tangu mwanzo, kazi ambayo wote wawili walikuwa wakiiahirisha tangu siku ya kwanza.

"Ng'ang'a, tukiongeza mstari leo, kesho mzee ataleta kitu ingine," alisema. "Na wewe utaongeza mstari ingine. Na siku moja tutasahau tena, na hiyo siku pengine ni asali itamwagwa hapa nje."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Nataka mwanachama mmoja."

Alimwonyesha. Kumbe Posho iliweza kuambiwa jambo ambalo hawakuwahi kuiambia. Unaanza kwa kusaga faili la pamoja peke yake, mara moja tu, na msimbo wake unauweka mahali pake. Halafu unapokuja kwenye faili la mbuzi, unaiambia Posho: ukikutana na faili la pamoja usilisage, limeshasagwa, unga wake uko pale, tumia huo. Unaiambia hivyo hivyo kwa maembe na kwa asali. Vyama vyote vitatu vinamtumia mwanachama yule yule. Hakuna wa kutafsiriwa, kwa hiyo hakuna mkalimani.

Ng'ang'a alisoma maneno hayo kwenye kioo cha kompyuta, akayasoma tena akiwa amesimama.

"Imekuwa hapa wakati wote?" aliuliza.

"Tangu tuinunue."

Walijaribu. Faili la pamoja likawekwa peke yake, Posho ikaendeshwa, ikakataa. Ililalamika kwamba haijui uzito ni kitu gani. Walitazamana. Faili la pamoja halikuwa na haja ya uzito hata kidogo, au ndivyo walivyodhani. Walipochimba walikuta kwamba siku moja ya mwaka uliopita Ng'ang'a alihitaji uzito kwenye mzigo wa pamoja, na kwa kuwa alikuwa ameshaueleza vizuri kwenye faili la maembe, aliuazima kutoka huko. Kwa hiyo la maembe lilihitaji la pamoja lisagwe kwanza, na la pamoja lilihitaji la maembe lisagwe kwanza. Kila moja lilisimama mlangoni likimwambia mwenzake apite.

Muthoki alihisi kicheko kikipanda. Ng'ang'a alimwomba asianze, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Ofisi ilikuwa inanuka samadi kwa mbele na maembe kwa nyuma, na watu wazima wawili walikuwa wamelaza vichwa mezani kwa ajili ya mafaili mawili yenye adabu kupita kiasi.

Dawa ilikuwa rahisi baada ya kicheko kuisha. Uzito si mali ya maembe, maana mbuzi ana uzito na asali ina uzito. Wakauhamishia kwenye faili la pamoja, na la pamoja likawa halimtegemei mtu. Posho ikalisaga bila neno. Kisha wakaiambia isilisage tena, wakaleta la mbuzi, likapita. La maembe likapita. La asali likapita. Wakatafuta mwanachama kwenye msimbo wote, na kila mahali jina lake lilipotokea, lilielekeza kwa mmoja tu.

Ikabaki kuwaondoa wakalimani. Muthoki alisogeza kiti akampisha Ng'ang'a, maana aliona si vyema kuifuta kazi ya mtu huku mwenyewe anatazama. Ng'ang'a alikaa. Alipitisha macho kwenye kurasa zile ndefu, akasoma mistari michache kwa sauti ya chini: chukua jina, weka jina, chukua simu, weka simu. Alisema aliziandika siku za mvua kubwa, umeme ukipotea na kurudi. Kisha akazifuta zote kwa mkupuo, na programu ikaendelea kufanya kazi kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Muthoki alikuwa anatafuta la kumfariji, akamwona anageuka na uso umejaa mwanga.

"Unajua nimekuwa nikiziogopa?" Ng'ang'a alisema. "Kila mtu akisema tubadilishe kitu kidogo, natamani kuzima simu."

Akainuka akanyosha mikono juu hadi ikagusa dari, kisha, mtu mpole vile, akacheza hatua kadhaa za densi ya harusi katikati ya ofisi. Muthoki akaungana naye. Mzee Munyao aliyekuwa akipita aliwachungulia dirishani, akaona kwamba ni bora asiulize, akaenda zake.

Kivuva aliporudi kutoka Wote walipakia yale magunia. Safari hii simu yake ilisema kisima cha kanisa, Tseikuru, naye akaridhika. Muthoki na Ng'ang'a walipanda pia, kwa sababu walitaka kuona kwa macho yao mzigo ukishuka panapotakiwa. Walipita Migwani, wakapita Mwingi, na nchi ikazidi kukauka hadi vumbi likawa ndilo linalowasalimu. Nyuma yao, chini ya turubai, maganda yalikuwa yamekaa kwenye joto tangu siku ya soko. Kivuva alisema mara mbili tatu kwamba mzigo unanukia vizuri ajabu. Hakuna aliyetia maanani.

Syokau na akina mama wenzake walikuwa wakingoja kisimani na mbuzi wao wote, na mchungaji alikuwepo pia, kwa sababu mambo mapya huombewa. Lori liligeuza vizuri. Mchungaji aliomba kwa ufupi, mbuzi wakiwa hawana subira, kisha magunia yakafunguliwa kwenye mabirika marefu ya mbao ya kulishia mifugo. Mbuzi walikula kama wanaolipiza kisasi. Syokau alimkumbatia bintiye, akasema, "Ni muvea, mwiitu wakwa," akimshukuru, na kwa mara ya kwanza katika mambo hayo yote Muthoki aliona machozi yanamjia ambayo hayakutokana na kicheko.

Hayakukaa. Mbuzi mmoja mwekundu aliacha kula, akatembea kwa madaha kuelekea kisimani, akagonga ukuta. Akaurudia. Mwingine alijaribu kuruka birika lenye kimo cha goti, akaanguka ndani, akaona pazuri, akabaki humo humo. Majike wawili waliegemeana wasianguke. Beberu mzee wa Syokau, mnyama mwenye heshima ambaye hakuwahi kucheza tangu ujana wake, alisimama kwa miguu ya nyuma mbele ya mchungaji, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaketi kama mtu.

Mchungaji aliinama akanusa birika. Alinyosha mgongo polepole.

"Mama Muthoki," alimwambia Syokau, "hii ni pombe."

Syokau, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja kileo maishani mwake wala kukiruhusu kupita uani kwake, aliwatazama mbuzi wake wote waliolewa mchana kweupe, uwanjani mwa kanisa, baada ya maombi. Akaegemea ukuta wa kisima. Muthoki aliyajua maegemeo hayo. Akina mama walianza kucheka mmoja mmoja, mchungaji akajaribu kushindana na kicheko, akashindwa. Ng'ang'a alikuwa amechuchumaa kando ya lori akishikilia gurudumu.

Hakuna mbuzi aliyedhurika. Walimimina yaliyobaki mbali, wakawanywesha maji mengi, na wanyama wakalala kivulini wakikoroma. Lakini Mzee Munyao alipopigiwa simu alisema jambo la haki kabisa, kwamba kuanzia sasa mzigo wowote wa Muungano uandikwe kama umekaushwa au la, na usiokaushwa usisafiri mbali. Alisema hivyo kwa woga kidogo. Alikuwa amekwisha kujua kwamba akiomba kitu kidogo, watu wa kompyuta hukunja uso.

Muthoki hakukunja uso. Alikaa kwenye jiwe chini ya mgunga, kompyuta magotini, akitumia mtandao wa simu uliokuwa ukija kwa mikupuo. Akafungua faili la pamoja. Chini ya uzito akaongeza mstari mmoja: umekaushwa, ndiyo au hapana. Akaiendesha Posho kwa faili la pamoja, kisha kwa mbuzi, kwa maembe, kwa asali. Kila moja ilipita. Ng'ang'a alikuwa amesimama nyuma yake, simu mkononi, na hakutamani kuizima. Kutoka Kabati, Mzee Munyao alijaribu oda ya uongo, akapiga simu kusema swali la kukaushwa limemtokea hapo hapo kwenye kila chama, akauliza kama kweli tayari wamemaliza au kompyuta inamtania.

Wamemaliza, Muthoki alimjibu.

Syokau alikuwa akimtazama Ng'ang'a kwa muda sasa. Alitaka kujua kama huyu ndiye kijana ambaye kazi yake ya msimu mzima ilifutwa na binti yake.

"Niliifuta mwenyewe, Mwaitu," Ng'ang'a alisema.

"Na hukukasirika?"

"Nilicheza."

Syokau alilifikiria jibu hilo, akaenda zizini, akarudi na mwanambuzi mweusi mwenye doa jeupe usoni, ambaye hakuonja maganda kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Akamwekea Ng'ang'a mikononi. Hakusema ni wa nini. Muthoki aliangalia pembeni, uso umepata joto, akahisi kicheko kinaanza tena, kile chepesi kinachoanzia miguuni, na safari hii hakujaribu hata kidogo kukizuia. Huko nyuma akina mama walikuwa wanaita watu wenye nguvu waje wasaidie kumtoa yule mbuzi aliyelala ndani ya birika, maana ameamka na anakataa kutoka.